Siku Mama Filimbi Aliposimama Kwenye Maji

Ofisi ya afisa michezo wa manispaa ilikuwa mwisho kabisa wa korido, kati ya stoo ya viti vibovu na choo cha wageni. Waliokuwa wakitafuta choo walikuwa wengi kuliko waliokuwa wakimtafuta afisa michezo, na kila siku hakukosekana mmoja wa kusukuma mlango usio wake, akamkuta mama mpana wa mabega, miwani imemshuka puani, filimbi inaning'inia shingoni, akishona wavu uliochanika kwa sindano ya magunia. "Mlango unaofuata, baba," alikuwa akisema bila kuinua macho. "Na usisahau kunawa mikono."

Huyo ndiye Mama Filimbi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwamo kwenye faili la utumishi, limejikalia zake, hakuna aliyelisumbua. Hata mumewe, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stendi, alimwita hivyo hivyo. Alipomkasirikia alimwita Refa, na alipompenda zaidi ya kawaida alimwita Refa vilevile, kwa hiyo ilibidi mtu asikilize sauti.

Ujana wake wote aliucheza mpira wa pete, nafasi ya ulinzi, na waliomwona wanasema mikono yake ilikuwa mirefu hivi kwamba washambuliaji wakimkaribia walikumbuka ghafla kazi walizoziacha nyumbani. Kisha goti likagoma. Mtu mwingine angekaa pembeni akasimulia enzi zake. Yeye alinunua filimbi. Na filimbi ilipomkaa shingoni, jamani, hakuna aliyepona. Kwenye fainali moja alimpa kosa mdogo wake wa tumbo moja, mechi ikiwa inakwisha, timu ya mdogo mtu ikafungwa, na mdogo mtu akamnunia mpaka alipojifungua mtoto wa kwanza na kukosa wa kumsaidia kumbembeleza.

Mpira wa pete una kanuni moja ambayo Mama Filimbi aliipenda kuliko zote. Mchezaji akimsukuma mwenzake au akimziba isivyo halali, haendi zake kujichanganya na kundi. Anasimama pale pale, kando ya yule aliyepewa mpira, mikono chini, hachezi, mpaka mpira uondoke mikononi mwa mwenzake. Uwanja mzima unamwona. Hapigwi, hatukanwi, hatozwi kitu. Anasimama tu. "Ukisimama hivyo mara mbili," alikuwa akiwaambia wasichana wake, "mara ya tatu utajua mikono yako ilipo."

Alipoajiriwa manispaa alikuta sera ya michezo ambayo, ukiondoa dibaji na picha ya meya aliyepita, ilikuwa na mambo mawili: jezi na mpira. Msimu ukikaribia, diwani anagawa jezi zenye sura yake kifuani, anapiga picha ameshika mpira, na michezo ya kata imeshaendelezwa. Wasichana hawakutajwa hata kwa bahati mbaya. Mama Filimbi akaiandika upya. Akaipeleka kwenye kamati, ikarudi. Akaipeleka tena, ikarudi na doa la chai. Akaipeleka tena na tena, kama mteja msumbufu anayerudisha suruali kwa fundi mpaka imkae. Mwishowe wakachoka wao kabla yake. Ikapita kwamba kila uwanja wa manispaa uwe na sehemu ya mpira wa pete, na geti lake lisifungwe kwa kufuli la mtu binafsi.

Uwanja wa kwanza uliojengwa chini ya sera hiyo ulifunguliwa kwa mbwembwe zote: utepe mwekundu, mkasi juu ya kitambaa, hotuba mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Mvua ya kwanza ikaosha upande mmoja wa jukwaa, na nguzo ya goli ikajilaza kama mlevi. Mama Filimbi akaenda kuuliza. Ofisi ya injinia ikasema ilifuata mchoro uliopitishwa na kamati. Kamati ikasema ilifuata ushauri wa injinia. Mkandarasi akasema alijenga alikooneshwa na diwani. Diwani akaruka futi mia: yeye alikata utepe tu. Walimpiga danadana korido nzima, mlango kwa mlango, mpaka akajikuta amefika tena kwenye choo cha wageni.

Aliingia ofisini kwake, akafunga mlango, akalia. Na lisemwe hilo, kwa maana watu hudhani alikuwa mama wa chuma. Alilia kwa hasira, kamasi zikamtoka, akajifuta kwa kona ya wavu. Hakuna aliyekuwa mwizi, hakuna aliyekuwa mjinga, na uwanja umekufa. Alipomaliza kulia alibaki anaichezea filimbi, na ndipo ile kanuni yake ikamjia kichwani kwa sura mpya.

Wazo alilolipeleka kwenye baraza la madiwani lilikuwa rahisi hata likachekesha. Siku ya kupokea kazi ya umma, mkasi ukae kwanza mfukoni. Kila aliyeamua kitu au aliyejenga kitu asimame juu ya kitu chake, mbele ya wananchi, na kazi ijaribiwe yeye akiwa pale pale. Mwenye mtaro asimame mtaroni. Mwenye ngazi asimame kwenye ngazi. Kitu kikionekana kibovu, mwenyewe asiondoke mpaka ijulikane kitatengenezwa namna gani.

Aliyesimama wa kwanza kupinga alikuwa diwani mmoja mtanashati, maarufu kwa jina la Mheshimiwa Utepe, kwa sababu alikuwa na mkasi wake mwenyewe na aliutembeza kwenye gari. "Mheshimiwa Meya," alisema, "naomba kuuliza. Sisi ni viongozi au ni vigingi?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mama Filimbi akangoja kicheko kiishe, alizoea kungoja. "Kigingi kina nafuu, mheshimiwa," alisema. "Ukikitafuta kesho unakikuta."

Meya, mtu wa kupenda amani na kikombe chake cha chai, akakata shauri. Ijaribiwe mara moja tu, kwenye uwanja mpya uliokuwa ukijengwa nyuma ya soko. Ikifana, iingie kwenye sera. "Ikizua aibu," alisema, "tunarudi kwenye utepe wetu, na habari hii nisiisikie tena. Tumeelewana, mama?"

"Tumeelewana, Mheshimiwa." Alijua fika kwamba hatapewa nafasi ya pili.

Tangu siku hiyo uwanja ule ukawa kama mtoto wake mchanga. Kila jioni baada ya kazi alipitia huko, viatu mkononi, akikanyaga udongo kwa miguu mitupu ili asikie kokoto. Injinia wa manispaa alikuwa kijana makini, asiyependa utani kazini, na mchoro wake safari hii ulikuwa safi: uwanja wote umeinama kidogo kuelekea chini, kwenye kiwanja cha mpira wa pete kilichosakafiwa kwa saruji, na maji yote yanateremkia kwenye mtaro uliopita pembeni yake. Msimamizi wa waashi alikuwa fundi mmoja mtu mzima, waliyemwita Fundi Kimya kwa sababu hakupoteza neno mahali ambapo kichwa kingeweza kutikiswa.

Jioni moja Mama Filimbi alikwenda na mpira, akaujaribu kwenye pete mpya. Mpira ukagonga chuma, ukadunda, ukabingirika mpaka mtaroni. Akaufuata. Akarusha tena, ukaenda tena. Maisha yake yote alikuwa amekimbiza mipira kwenye mitaro, kwenye miiba, chini ya magari, na siku hiyo goti lilikuwa linamuuma. Injinia alikuwa safarini, kwenye semina, angerudi siku ile ile ya kupokea uwanja. Mama Filimbi akamgeukia Fundi Kimya.

"Fundi, hebu nifikirie. Hapa ukingoni si ungeniwekea kijiukuta? Tofali mbili tu kwenda juu. Mpira usinitoroke."

Fundi aliutazama ukingo, akautazama mtaro, akamtazama mama. Pengine alitaka kusema kitu. "Sawa, mama," alisema, na kesho yake kijiukuta kilikuwa kimesimama, kizuri, kimepigwa lipu laini. Mama Filimbi akakipigapiga kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe, akaenda zake, akakisahau.

Asubuhi ya siku ya kupokea uwanja, mumewe alimletea suti ya michezo aliyoipunguza kiunoni, bado ina joto la pasi. Alimzunguka akikagua mishono, pini mdomoni.

"Injinia anasimama wapi?" aliuliza.

"Mtaroni."

"Na diwani wako?"

"Katikati ya uwanja. Eneo alilichagua yeye. Meya anasimama getini, alituahidi halitafungwa kufuli. Fundi Kimya kwenye ngazi za jukwaa."

"Na wewe, Refa?"

"Mimi ndiye mwenye filimbi, baba. Mwenye filimbi hasimami mahali pamoja." Akacheka, akafunga zipu mpaka juu, akaondoka.

Watu walijaa nyuma ya soko. Wauzaji waliacha meza zao kwa majirani, waendesha pikipiki wakapanga pikipiki zao ukutani, kila mtu akitaka kumwona mheshimiwa akigeuzwa kigingi. Ilikuwa kiangazi, kwa hiyo Mama Filimbi aliomba gari la zimamoto. "Mvua haina ratiba ya manispaa," aliwaambia wale askari wa zimamoto, "nyinyi mnayo." Injinia alikunja suruali akashuka mtaroni, uso mkavu. Fundi Kimya akapanda ngazi zake. Mheshimiwa Utepe akaenda katikati ya uwanja na suti yake ya kijivu, mkasi ukichungulia mfukoni, akasimama kama anayepigwa picha ya pasipoti. Timu ya wasichana ikajipanga kwenye kiwanja chao cha saruji, nahodha wao ameshika mpira.

Filimbi ikalia. Bomba la zimamoto likafunguliwa, maji yakaruka juu, yakaushukia uwanja. Watu wakapiga kelele za furaha. Na uwanja ukafanya kazi! Maji yalizama pale yalipotakiwa kuzama, yakateremka pale yalipotakiwa kuteremka, na mheshimiwa pale katikati akabaki mkavu mpaka soksi. Makofi yakamwangukia, akayapokea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza alionekana kuliona wazo lile kuwa la maana sana. Mama Filimbi alihisi machozi yanamlenga.

Ndipo nahodha akapaza sauti kutoka kule chini. "Mama! Huku kwetu ni bwawa!"

Wote wakageuka. Maji yote yaliyoteremka vizuri yalikuwa yamefika kwenye kiwanja cha mpira wa pete na kusimama. Hayakuwa na pa kwenda. Yalijaa polepole, yakafunika mistari, yakafika kwenye vifundo vya miguu ya nahodha, na upande wa pili wa kijiukuta, mtaroni, injinia alikuwa amesimama kwenye saruji kavu.

"Nani anasimama hapo?" aliuliza Mheshimiwa Utepe. Hapakuwa na mtu. "Jamani, si tuliambiwa kila kitu kina mwenyewe?"

"Kwenye mchoro wangu hakuna ukuta," injinia alisema kutoka mtaroni. "Ukuta huu siujui."

Macho yote yakapanda kwenye ngazi, kwa Fundi Kimya. Mheshimiwa Utepe hakuiachia nafasi hiyo. "Basi fundi ajieleze! Na kama hana maelezo, ajue hii ndiyo kazi yake ya mwisho katika manispaa hii."

Fundi Kimya hakujieleza. Hakumtazama Mama Filimbi hata kwa jicho la pembe. Alivua kofia, akashuka ngazi moja baada ya nyingine, akaanza kuelekea kwenye maji. Alikuwa tayari kufa kikondoo.

Sasa ndipo Mama Filimbi aliposikia upya ile "Sawa, mama," na ndipo alipoelewa kwa nini fundi aliutazama ukingo kwanza, kisha mtaro. Alikuwa na filimbi mdomoni na hakujua ampulizie nani. Akisema, aibu imezuka, na meya alishasema aibu ikizuka basi tena. Miaka yote ya kupeleka na kurudishiwa ingeishia kwenye bwawa hili dogo. Akinyamaza, wazo la kusimama lingepita. Lingeingia kwenye sera siku hiyo hiyo, likiwa limekanyaga mgongo wa mtu aliyemtii. Na hakuna ambaye angejua, ila wao wawili, na mmoja wao hasemi.

Akapuliza, mara moja, kwa ufupi, kama anavyopuliza kwa kosa lisilo na ubishi.

"Fundi," alisema, "rudi kwenye ngazi zako. Hapa si pako."

Akaingia kwenye maji na raba zake mpya, akatembea mpaka aliposimama nahodha, akasimama kando yake, mikono chini.

"Mama Filimbi," meya aliita kutoka getini, "unafanya nini huko?"

"Nimesimama, Mheshimiwa. Ukuta huu ni wangu. Injinia hakuambiwa, kamati haikuulizwa. Nilimwomba fundi kwa mdomo, injinia akiwa safarini, kwa sababu nimechoka kukimbiza mipira. Yeye alinitii. Kosa ni langu."

Kisha Mheshimiwa Utepe akasikika peke yake: "Si ndiyo aibu yenyewe hiyo? Mheshimiwa Meya, ulisema ikizuka..." Hakuna aliyemdaka neno, likamfia mdomoni.

Mama Filimbi alivua filimbi, akaivika shingoni kwa nahodha. "Leo siwezi kuipuliza mimi," alisema. "Unajua kanuni, mwanangu. Rusha mpira, nitoke."

Msichana aliutazama mpira, akamtazama mama, akayatazama maji. Kwa kanuni hakuruhusiwa kukaa na mpira kwa muda, na jamaa mmoja wa pikipiki akapiga kelele kwamba muda umekwisha. Lakini mwenye filimbi sasa alikuwa yeye.

"Sirushi, mama," alisema. "Nikirusha utatoka, na maji yatabaki."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mama Filimbi hakubisha. Alisimama. Maji yalikuwa yameingia kwenye raba, suti ya mumewe imelowa mpaka magotini, goti linauma, na hakusogea hata kidogo. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu, hilo hakulificha pia.

Injinia ndiye aliyeanza. Alivua koti pale pale mtaroni. "Fundi! Nyundo!"

Fundi Kimya alikuwa ameshafika nayo. Alipiga kwa nje, injinia akichomoa vipande kwa mikono, na wanaume wawili watatu wa sokoni wakarukia mtaroni bila kualikwa. Hata Mheshimiwa Utepe alisogea. Hakushika nyundo, tusimsingizie, ila alishika koti la injinia lisilowe. Tundu la kwanza likafunguka, maji yakatoka kwa kishindo, la pili likafunguka, na mistari ya kiwanja ikaanza kuonekana tena, myeupe juu ya saruji inayong'aa.

Nahodha alingoja mpaka kilipobaki kidimbwi kidogo tu kwenye raba za mama. Ndipo akapuliza filimbi, akalenga, akarusha. Mpira ukagonga chuma, ukazunguka, ukakataa kuingia. Ukadunda mara mbili, ukabingirika taratibu, ukapita kwenye tundu jipya kabisa na kutumbukia mtaroni.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Injinia alicheka, yule asiyependa utani. Mama Filimbi, ambaye sasa alikuwa huru kuondoka, alichechemea mpaka ukingoni, akashuka mtaroni mwenyewe, akautoa mpira. Alipopanda nao alimkuta meya bado yuko getini, hajatoka mahali pake, kikombe cha chai kimepoa mkononi.

"Mheshimiwa," alisema, anahema, "aibu imezuka."

"Nimeiona," alisema meya. "Ila sijaona aliyekimbia. Iandike kwenye sera, mama. Na safari hii uandike pia afisa michezo anasimama wapi."

Aliporudi nyumbani jioni, mumewe alikuwa mlangoni. Habari zilikuwa zimeshafika. Stendi haina siri. Mama Filimbi akakaa kwenye kiti, akatazama suti iliyopigwa pasi asubuhi, sasa ina tope mpaka kiunoni.

"Nimeiharibu nguo yako, baba," alisema.

Fundi cherehani alipiga goti mbele yake, akamvua raba, akazigeuza juu ya kizingiti zichuruzike maji. Kisha akamshika mguu ule wa goti bovu, akaanza kuukanda taratibu.

"Pole, Refa," alisema, na mkewe akasikiliza sauti.